Waliopona Hawakupita Karakanani Kwako

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama hakunilea kumwandikia mtu mzima kama ninayemfukuza kuku. Isingekuwa yeye, ningeingia moja kwa moja kwenye maneno.

Nakuandikia huko Laela ulikohamia mara tu baada ya kumzika Baba, na bahasha sikuifunga. Dereva atakayeileta akitaka aisome. Wateja wako nao waisome, na anayekupigia vanishi milango aisome kwa sauti. Wewe maneno yako uliyasema barazani mbele ya watu. Majibu yake hayawezi kuja yamejificha.

Nianze na jema, ili usiseme nimesahau. Nilipokuwa mdogo nikija Sumbawanga wakati wa likizo, nilikuwa nashinda kwenye karakana yako ya useremala, pale kwenye barabara ya kwenda hospitali. Nilikuwa nalala juu ya maranda, nikiamka nywele zangu zinanuka paina. Wewe ndiye uliyenifundisha nusu na robo, kabla mwalimu hajafika huko. Ulichora kwa penseli kwenye ubao, ukasema, "Binti, robo peke yake si kitu. Niulize kwanza, robo ya nini?" Nilicheka, nikakuuliza, "Robo ya nini, Baba Mkubwa?" Ukanijibu, "Haya sasa, umekuwa fundi." Nilikupenda kuliko ndugu wote wa Baba. Ndiyo maana hasira yangu haipungui.

Nikiwa darasa la nne ugonjwa ulifika. Wengine waliuita nimonia, wengine walisema fulani ana changamoto ya kupumua, wakanyamaza hapo. Likizo ile nilikuta vitanda na makabati umeyasogeza nyuma. Mbele yalisimama majeneza, yameegemea ukuta kama watu waliopanga foleni. Ulikuwa unapiga randa tangu asubuhi, na kila aliyekuja kuchukua lake ulimwambia neno lilelile: "Kule chini hospitalini wanaingia kwa miguu, wanatokea kwangu." Mwanzoni watu walikuwa wanacheka kidogo. Baadaye hawakucheka. Walilibeba neno lako kwenye mabasi pamoja na magunia yao, likafika Kalambo, likafika kwetu Mwazye kabla hata ya barakoa. Nani angembishia mchonga majeneza akizungumzia vifo? Uliaminiwa kama katekista.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna ulezi, Baba alianza kukohoa. Siku ya tatu alikuwa hawezi kuliita jina langu lote kwa pumzi moja. Mama alipata gari la mnunuzi wa mahindi lililokuwa linarudi Sumbawanga, na nafasi ya mbele ilikuwa wazi. Lakini kwetu mgonjwa haondoki kwenda mbali kabla kaka mkubwa hajatoa neno, na Baba mwenyewe alisema, "Tumngoje kaka." Ulikuja adhuhuri. Gari lilikuwa bado linanguruma nje.

"Shemeji," ulimwambia Mama, "nyie watu wa Mbeya mnaipenda hospitali kama harusi."

Mama akasema, "Shemeji, mwangalie midomo. Mwangalie tu midomo yake ilivyogeuka rangi."

"Nimeiona. Sasa wewe umeona wangapi waliotoka kule? Mimi nawapima urefu, shemeji. Nawapima mimi kwa mkono huu."

Mama aliongea tena. Uligeukia wanaume waliokaa barazani, ukasema, "Mke wa mtu anataka kumpeleka ndugu yangu kwenye futi yangu." Wakatikisa vichwa kukuunga mkono. Yule dereva akapiga honi mara mbili, kisha akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa nguo za Baba. Nilikuwa darasa la tano. Nilijua kusoma, nilijua kuhesabu, na sikusema chochote.

Mlimfukiza siku mbili kwa majani, mmemfunika blanketi, mtu ambaye tayari alikuwa hapati hewa. Jumamosi mchana akakata roho. Jeneza lake ulilichonga kwa mninga na hukumruhusu mtu mwingine ashike nyundo. Ulilia, niliona. Sikatai kwamba ulilia.

Unakumbuka kilichotokea kwenye matanga? Siku ya pili alikuja yule mama muuza maharage, anayemuuzia Mama siku za mnada. Alikaa kwenye mkeka na wanawake. Mtu mmoja alirudia neno lako, kwamba afadhali marehemu amefia nyumbani, maana kule hawarudi. Yule mama akainua kichwa.

"Mimi nimerudi," alisema. "Nililazwa kule siku kumi na moja. Nimetoka mwezi uliopita."

Ulikuwa umeshika kikombe cha togwa. Ukamjibu, "Wewe ni bahati yako, mama."

"Na yule dada wa kitanda cha kushoto? Na yule mzee wa mlangoni aliyekuwa anatugombeza tusilale chali? Nao ni bahati?"

"Mbona mimi sikuwaona?"

"Ungetuonaje, fundi? Sisi tulirudi makwetu. Kwako tungekuja kutafuta nini?"

Ukaweka kikombe chini, ukasema unakwenda kuangalia msalaba kama umekauka rangi. Wiki haikuisha, ukawa umeondoka. Tangu hapo salamu zako zinaletwa na watu wengine.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwezi uliopita muuguzi mmoja alikuja shuleni kuzungumza na klabu yetu ya afya. Alikuwa amefanya kazi kwenye wodi zile tangu mwanzo. Wenzangu waliuliza maswali ya mitihani. Mimi nilimsubiri nje, nikamuuliza: je, ni kweli kwamba waliolazwa walikuwa hawatoki?

Hakunikasirikia. Alisema mwanzoni kabisa walikuwa wanapapasa. Ugonjwa ulikuwa mgeni, nao waliokuja walikuja wameshachelewa, baada ya kujifukiza nyumbani wiki nzima. Kati ya waliolazwa wakati ule, wengi walikufa. Kisha wakajifunza: kuwalaza kifudifudi, kuwapa oksijeni mapema, na kuwapa wale wenye hali mbaya dawa fulani ya kawaida iliyokuwa kabatini miaka yote. Kati ya waliolazwa, waliokufa wakapungua. Halafu wimbi jingine lilikuja na vitanda vikajaa, wagonjwa wawili wakagombania mtungi mmoja wa hewa, na vifo vikapanda tena. Baadaye wimbi lilitulia, chanjo ikaja, vikashuka. Alichukua daftari langu akanichorea. Mstari wake ulipanda, ukashuka, ukapanda kidogo, ukashuka chini zaidi. Nikamuuliza wiki ya Baba ilikuwa wapi. Aliuliza ilikuwa mwezi gani, nikamwambia. Akaweka nukta mahali ambapo mstari umeshashuka. Akasema, "Siwezi kukuambia angepona. Naweza kukuambia vitanda vilikuwepo."

Nilirudi bwenini nikalala na viatu.

Kwa hiyo nakupa haki yako, Baba Mkubwa, maana nimefundishwa kuwa mkweli hata kwa mtu nisiyempenda kwa sasa. Yale majeneza ya mwanzo sikuyaota, na neno lako la mwaka wa kwanza halikuwa uongo mtupu. Lakini lilikuwa kiporo. Ulilipika mwaka mmoja, ukamlisha Baba mwaka mwingine, na hukuinua hata kifuniko kunusa kama limechacha. Hospitali ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwako. Ungeteremka, ungeuliza tu, wangapi wameingia wiki hii, na wangapi wametoka wakitembea? Uliwahesabu waliokufa na hukuuliza ni wangapi kati ya wangapi. Na hukuwa mjinga wa hesabu hiyo, wewe uliyenifundisha kuuliza robo ya nini. Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe: ulijua.

Nisingeandika yote haya kwa ajili ya Baba peke yake. Baba hawezi kupandishwa gari sasa. Nimeandika kwa ajili ya Bibi, mama yako.

Niko nyumbani kwa likizo, na Bibi anahema. Akitoka jikoni kwenda uani anasimama mara mbili, anajifanya anaangalia kuku. Miguu imevimba, na kifua chake kinalia usiku na mchana. Daktari wa zahanati amempima, akasema hapa hatuna vifaa, apelekwe Sumbawanga wiki hii hii. Hakuna anayesema ni ugonjwa ule. Lakini Bibi amekataa. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza kuhusu yule muuguzi, nikamwonyesha na daftari. Alilishika juu chini, akanirudishia.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma," alisema. "Lakini mwanangu ni fundi. Yeye ndiye anayewaona. Alisema hawarudi."

"Alikosea, Bibi."

"Amekuambia yeye?"

Nikalifunga daftari. Ni kweli, hujamwambia mtu yeyote. Umekaa Laela unachonga milango, na hapa neno lako bado limekaa kwenye kigoda chako, linakula nasi, linatoa amri. Yule mama wa maharage alikuja kumsihi. Padre alikuja na komunyo, akamsihi pia. Bibi aliwakaribisha wote vizuri, akawapa viti, akawaambia anamngoja mwanawe mkubwa. Ni lilelile alilolisema Baba. Safari hii nimelisikia nikiwa na umri wa kujua linaishia wapi.

Mama amezungumza na mwenye gari. Atapita Jumatatu asubuhi, na amesema hatapiga honi akaondoka, atazima injini asubiri. Kilichobaki ni kinywa chako.

Sitaki uje na mchele, wala sitaki ulie. Msamaha wa kuniomba mimi unaweza kusubiri hata miaka. Ukiona huwezi kupanda basi na kutazamana na sisi, piga simu ya Mama Jumapili baada ya misa. Uongee na Bibi kama mwanawe, si kama fundi. Maneno ni manne: "Mama, nilikosea. Nenda hospitali." Usiongeze "labda". Usiseme "mkiona inafaa". Ukianza kuzunguka, atasikia hofu yako na ataichukulia kuwa ndiyo neno lenyewe.

Najua ni vigumu. Ukimwambia mama yako kwamba ulikosea, utakuwa umemwambia pia kuhusu mtoto wake mwingine. Huenda hicho ndicho kilichokuweka Laela miaka yote hii. Nimelifikiria hilo sana, na nimeona halitoshi. Aliyekufa ameshakufa, na wewe unaogopa, lakini Bibi bado anahema.

Jumapili nitakuwa nimekaa miguuni pake na simu mkononi, kwa kuwa yeye hajui pa kubonyeza. Gauni lake la kanisani na vitenge viwili nimeshavikunja. Akikuitikia "haya, mwanangu", nitamvisha viatu siku hiyo hiyo, Jumatatu imkute amekaa tayari.

Baki salama huko uliko, lakini usibaki kimya.

Mimi,
binti wa mdogo wako