Mkanda wa Injini ya Mama Mkwe

Fundi mwenzangu, nimejifungia chooni kwa wakwe. NIMEUMBUKA!

Injini ya gari la mama mkwe ilikuwa inagonga. Nikatega sikio kama daktari, nikatangaza: "Mkanda wa taimingi umechoka. Ukikatika, injini kwisha."

Mara baba mkwe akaleta kiti, akakaa kuangalia. Ikabidi safari hii nifungue kweli.

Nafungua kava... CHENI! Cheni, ndugu yangu! Injini ile haijawahi kuwa na mkanda! Na mimi nimeshika mkanda mpya mkononi.

Mama mkwe akauliza kwa upole kabisa: "Sasa mwanangu, ule ulionibadilishia mwaka jana uliufunga wapi?"

Nikasingizia tumbo.

Mzee akasema: "Pole. Lakini hilo tumbo usijipime mwenyewe."