Mlango wa Kijani Nyuma ya Mashine ya Kusaga

12 Mei

Kifungo wangu,

Hujambo? Kifua kimeacha kukubana na ule mvuke wa pasi huko hotelini? Mimi mwili mzima, ila roho juu juu. Nimezima simu, ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi. Fundi viatu wa jirani ataipeleka posta.

Unakumbuka jukwaa letu la washonaji la mtandaoni? Ulikuwa ukisinzia mapajani mwangu kwenye duka la intaneti, picha ya gauni ikijifungua polepole kutoka kola hadi pindo. Mgeni yeyote alikuwa akipiga hodi kwanza kwa kuandika: jina lake la utani, anashona nini, anakaa wapi. Sisi tunamwitikia karibu. Mmoja wetu, Mama Pindo, alinifundisha kola ya kusimama bila kuniona sura, nami nikamwelekeza hadi kwangu ili siku moja aje.

Basi nimerekodi video nikikata kola, nikaiweka huko mnakoweka siku hizi. Nikapiga hodi kama zamani: naitwa Sindano, naishi peke yangu nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa kijani, karibuni. Watu laki tatu wameitazama. Hakuna hata mmoja aliyesema anashona nini. Mmoja ameweka picha ya mlango wangu, ndara zikiwa kizingitini. Mwanangu, ni ndara nilizovaa jana! Hata kutunga uzi siwezi.

Mama yako,
Sindano

20 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua hakijambo, usikitie maanani. Barua yako nimeisoma nimesimama kando ya rundo la mashuka, kisha nikaitafuta video yako.

Mama, umewaambia unaishi peke yako! Watu wa jukwaa lenu wangetosha sebuleni kwetu, na mlipogombana Mama Pindo aliwapatanisha. Huku hakuna mwenyewe. Video inaokotwa, inakatwa, inatupiwa watu wasiojua hata kola ni nini, na anayetisha wenzake ndiye anayetazamwa. Nimeona moja wameweka muziki wa kutisha juu ya maneno yako "naishi peke yangu". Chini yake mtu ameandika kwamba dirisha lako la uani halina nondo. Amejuaje?

Futa akaunti. Fundi viatu akupigilie mbao dirishani. Usimfungulie mtu yeyote, hata akikuita kwa jina. Hasa akikuita kwa jina. Niahidi.

Binti yako asiyelala,
Kifungo

2 Juni

Kifungo,

Salamu tu, habari za afya tuziache leo. Nimefuta. Mbao zimepigiliwa, nashona kwa taa mchana kweupe. Jana walikuja vijana wawili kujirekodi mlangoni. Wakagonga, wakacheka, wakaimba, "Sindano, tufungulie!" Nikajificha chini ya meza ya kukatia, mtu mzima na mvi zangu. Wateja nao wakibisha siitiki. Nimekuahidi, sifungui.

Mama

19 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima? Hii ni barua yangu ya pili bila jibu. Simu ya fundi viatu haipatikani. Kila nikifumba macho naona lile dirisha. Nimeomba ruhusa, msimamizi amesema mwezi ujao. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunitukana.

Kifungo wako

29 Juni

Kifungo wangu,

Ni mzima, hakuna aliyenigusa. Shusha pumzi kwanza ndipo uendelee kusoma. Nilinyamaza kwa sababu hili lilinishinda kuandika.

Alikuja mtu mchana, akabisha polepole. "Hodi, Sindano." Sauti ya mwanamke, imechoka. Nilisimama nyuma ya mlango na mkasi mkononi, nimejiziba mdomo nisisikike nikipumua. Akasema, "Ni mimi. Nimeiona ile kola, nikautambua mkono wako." Nikajiambia, ndivyo wanavyosema. Akakaa kizingitini, akakohoa, akaomba maji. Jagi lilikuwa pale pale mezani. Sikusogea. Mwishowe akaondoka.

Jioni fundi viatu akaniletea kifurushi alichoachiwa. Ndani mna kola ya kusimama, imeshonwa kwa mkono, na upande wa ndani ametarizi: Mama Pindo. Fundi anasema alikuwa mzee wa fimbo, ametoka mbali, akauliza kama nimehama. Nilikimbia pekupeku hadi kituoni. Basi lilikwisha ondoka.

Jina lake la kweli silijui. Jukwaa letu lilifungwa zamani. Pa kumwitia ni pale pale tu, mbele ya wale laki tatu. Kwa hiyo kesho nawasha simu, nafungua akaunti upya, nitaionyesha kola yake na kumwambia arudi. Usinikataze, mwanangu. Naogopa.

Ukija mwezi ujao utaukuta mlango wazi, nami nimekaa mbele yake, mkasi mapajani, jagi la maji kando yangu.

Mama yako,
Sindano