Jiwe Jeupe la Nyumba Mbili

Kibokoni, Mombasa
Jumanne

Kwa Mama yangu,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako kwa raha na goti limepunguza ukorofi wake. Na Baba je? Ile dawa ya jicho niliyompa mtu wa basi ilifika Lamu, au ilibaki njiani? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillah. Moyo ndio nataka kuueleza leo, na nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kabla ya kumpa Baba.

Mama, Babake Swaleh ameoa. Ameoa miezi mingi sasa, nami nikawaficha kwa aibu. Mke anaitwa Rukia, msichana wa Majengo aliyekuwa akiandika risiti pale dukani kwake anakouza rangi na mabomba. Mume kuongeza mke si ajabu, dini imemruhusu, na wewe mwenyewe ulinifunza nisiliogope neno hilo. Lililonichoma ni namna alivyofanya. Alikuja akanambia, "Mama Swaleh, kuna mwenzangu wa biashara aoa Ijumaa. Hana mtu wa kumpikia. Nisitiri."

Nikapika, Mama. Nilipika pilau masufuria mawili makubwa, nikaitia samli uliyonipa wewe nilipokuja Lamu, nikavaa leso mpya nikaenda kupakua kwa mikono yangu. Wanawake wa pale walikuwa wakiniangalia kisha wakiinamisha vichwa, nami nikadhani ni adabu. Bi Nuru, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenishika mkono akanambia polepole, "Zaituni, weka huo upawa. Bwana harusi ni mumeo."

Sikuuweka. Nilimaliza kupakua, maana wageni walikuwa na njaa na hawakunikosea lolote. Aliporudi nyumbani baada ya siku saba, nilimtaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake kwamba alinidanganya. Akanijibu, "Kwani cha aibu ni nini? Watu wote waliisifu pilau." Hapo ndipo nilipoapa kumlipiza.

Wajua ada, mume akiongeza mke humtuliza yule wa kwanza kwa kitu. Mwingine hupewa kidani, mwingine hupelekwa Umra. Mimi niliambiwa nitatengenezewa jiko. "Hili la zamani tutalivunja," alisema, "tutie makabati, na juu yake jiwe la graniti kama majumba ya Nyali. Wewe chagua rangi tu. Utakayoipenda ndiyo nitakayomtilia na Rukia, rangi moja, upana mmoja, asije mtu akanambia sikufanya uadilifu."

Alisema hayo kwa sauti ya kadhi. Nikamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pilau nikacheka kwa furaha ya kweli. Mwanamume huyu alikuwa amenitilia jiko la mke mwenzangu mkononi, na wala hakujua.

Alinipeleka kwenye karakana ya mawe kule Shimanzi, akaniacha na fundi, mzee wa Kigiriama aitwaye Kalume, akarudi dukani. Vipande vilikuwa vimeegemezwa ukutani: cheusi chenye nukta za kumetameta, chekundu rangi ya maini, cha kijani, na kimoja cheupe rangi ya tui, kina madoa machache ya kijivu. Fundi akanisifia cheusi. Akasema ningekipikia mpaka nione vitukuu.

Nikamwuliza, "Fundi, jiwe gani humtesa mpishi?"

Akadhani namfanyia mzaha. Nikamwuliza tena. Akajikuna kidevu, akagonga kile cheupe kwa ukucha. "Hili. Kwa uzuri halina mfano, lakini lanywa. Lanywa mafuta, na bizari ikilikalia haitoki."

Sikutaka kuamini maneno matupu. Kesho yake nilirudi na kikopo cha samli niliyoichanganya na bizari, nikadondosha tone moja juu ya kila jiwe, nikakaa pale kwenye benchi mpaka adhuhuri. Tulipopangusa, cheusi kilisafika, chekundu kikasafika, cha kijani kikasafika. Cheupe kikabaki na doa la manjano. Fundi akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akatoka jasho, na doa likakaa pale pale.

"Nataka hilo," nikamwambia.

Akaniangalia sana yule mzee. "Na ni lako wewe mwenyewe, mama?"

"Langu, na la mwenzangu."

Basi mawe yakatiwa nyumba mbili. Kule Majengo ilibidi wang'oe fremu ya mlango ndipo lipite, na nyumba yenyewe ya udongo, paa la makuti. Hapa kwangu watu walikuja kuliangalia kama waliokuja kuona mtoto. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Sikupika juu yake hata yai. Babake Swaleh akija zamu yangu hukuta mkate wa duka na chai ya rangi. "Jiko lenyewe jipya, naliogopa," nilimwambia. Swaleh yuko shuleni Malindi, analala huko huko, na mimi chakula changu nilikuwa nikikipika na kukila kwa Bi Nuru.

Rukia naye alikuwa bibi arusi, ataka kuonyesha. Leo mchuzi wa samaki, kesho biriani, asubuhi mahamri. Baada ya wiki tatu Bi Nuru alikwenda Majengo kumwangalia nduguye, akarudi ameshika mbavu. Jiwe la Rukia, alisema, limekuwa kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nilifurahi, Mama, sikufichi. Nililala usingizi wa pono. Na nilifurahi zaidi niliposikia kwamba mume anamgombeza kwa ajili hiyo.

Mwanzo wa mwezi huu nikasikia hodi mlangoni, na kumbe ni yeye. Kasichana kembamba ndani ya buibui, macho mekundu. Akanishikia miguu kwa adabu, nikamwitikia kwa sababu wazee wangu walinilea. Akaingia jikoni akalipapasa jiwe langu.

"Dada, watumia sabuni gani?" akaniuliza. "Kila akija kwangu yuwanambia, nenda kaone jiko la mwenzio, wewe ni mchafu."

Mama, nilikuwa na maneno niliyomwekea tangu siku ya harusi. Nilikuwa nimeyanoa vizuri. Lakini kabla sijafungua mdomo akaendelea, "Mimi nilimwambia siolewi mpaka mke mkubwa aridhike. Akanambia umeridhika, tena pilau umeiomba mwenyewe kuipika. Nilipochungulia nikakuona wapakua, nikasema moyoni, nimepata dada."

Nikatafuta kiti nikakaa. Hasira haikuondoka, usidhani. Ilimwacha yule msichana ikamwendea mume mwenyewe, na ikamwendea nzima. Nikampa Rukia chai, nikamwambia ukweli. "Sabuni hakuna. Sipiki."

Akashtuka. "Na sheria je?"

"Sheria nimeiuliza. Mwalimu wetu wa darasa la wanawake ametusomesha wazi. Chakula ni juu ya mume. Mke akipika ni hisani yake, si faradhi."

Akanywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi na mimi mikono imechoka kusugua."

Tangu siku hiyo majiko mawili hayajawaka. Mtu mwenye wake wawili, Mama, kila jioni yuko kule ufukweni Mama Ngina ameketi ukutani peke yake, anakula mihogo ya kuchoma kwa pilipili na ndimu, na wanaomjua wanapita wakimwuliza, "Bwana, wewe nawe wala hapa?" Kanzu zimeanza kumpwaya. Jana alikuja akakaa jikoni kwangu, akaegemeza kiwiko juu ya lile jiwe, akasema kwa sauti ndogo, "Zaituni, n'na njaa." Nilimwonea huruma, wallahi. Miaka kumi na tisa ya ndoa si mchezo. Nikamwambia, "Sema ulichotufanyia mimi na Rukia, useme sote tuko hapa, na sasa hivi nawasha jiko." Akasema atatununulia mawe mengine, meusi. Sikumpa kitu.

Ndipo aliponitolea kali yake. Ijumaa atapanda basi, yale ya kusindikizwa na askari njiani, aje huko Lamu kunishtaki kwenu. Atakuja na halua na kanzu ya Baba, atazungumza kwa upole na hatawaambia habari ya harusi yake. Ndiyo maana nimeiwahisha barua hii kwa mtu wa basi la kesho, ikufikie kabla yake.

Nisalimie Baba, umwambie sijamvunjia heshima na sitaki talaka. Msalimie Bibi aliyenilea, mbusu mikono yote miwili. Kaka Omari na mkewe salamu nyingi, na mtoto wao namtumia kofia. Shangazi Mwanaidi msalimie zaidi, lakini umchunge. Tangu posa yangu anampenda mkwe huyu kupita kiasi, na anaweza kumpenyezea bakuli kwa mlango wa nyuma.

Mama, hujawahi kumwacha mgeni akatoka kwako na njaa, sikwambii mkwe, na najua aibu ya jambo ninalokuomba. Ndiyo aibu ninayoitaka. Mkaribishe kwa heshima zote. Mtandikie mkeka mzuri, mwulize habari za safari. Wakati wa kula ukifika mletee birika na beseni, mmwagie maji anawe, umpe na taulo ajifute. Kisha usilete kitu.

Mwanao akupendaye,
Zaituni