Pete Aliyovishwa na Baba

Mwenzangu, usipige simu, nitalia. Soma tu.

Mama yuko hospitali. Ile dawa ya kutoa kutu kwenye mashuka, pale kazini kwake kwa dobi, imempenya mkononi kupitia glavu iliyotoboka. Asubuhi alinawa, hakuona hata lengelenge, akaendelea kufua. Jioni nikamkuta anang'ata taulo kwa maumivu.

Nesi wa mapokezi eti, "Kidonda kiko wapi?" Kidonda! Nikambwagia chupa ya ile dawa mezani. "Soma hapo!" Akasoma, akakimbia kumwita daktari.

Ni asidi ya haidrofloriki. Daktari anasema inazama ndani kimyakimya, inanyonya kalsiamu ya mwili, na moyo unaweza kusimama. Wamemuunganisha na mashine ya moyo, wanamsugua mkono kwa jeli ya kalsiamu.

Sasa sikia. Asidi ilijificha chini ya pete, ile aliyovishwa na marehemu baba. Kidole kimevimba, pete haitoki, lazima ikatwe. Mama akaficha mkono kifuani.

"Kateni kidole, pete ya marehemu msiiguse."

Kidole, mwenzangu! Hakutania.

Daktari akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama yangu, siku mkikutana huko aliko, mzee akikuona huna kidole, mimi nitamwambia nini?"

Mama akacheka kidogo, machozi yanamtoka. Akautoa mkono.

Wameikata pete. Chini yake ngozi ni nyeupe kama ya mtoto mchanga. Mama akaitazama weee, kisha akaninong'oneza: "Sasa baba yako atanitambuaje?"

Nimeshika vipande viwili vya pete hapa koridoni.