Sufuria Inayonong'ona Siku ya Sabato

Sabato, tarehe 17 Februari 1973. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu baada ya ibada, sasa kajua kasikoeleweka.

Daftari, leo nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, na mbele yangu ipo sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mna zabibu nilizoziponda kwa mikono yangu. Inanong'ona. Nimetega sikio mara tatu tangu nitoke kanisani, na mara zote nimeisikia: sss, kimya, sss.

Nimechanganyikiwa.

Nikiwasha moto niichemshe, nimeivunja Sabato. Nikiiacha mpaka jua lizame, nimetengeneza pombe katika boma la mzee wa kanisa, na mzee huyo ndiye baba mkwe wangu. Meza ya Bwana ni Sabato ijayo. Mimi ndiye shemasi ninayetayarisha kikombe, ambacho kwetu Wasabato ni maji ya zabibu yasiyochacha, na Mzee amekwisha kuwaambia watu wote kwamba safari hii kikombe kitatoka kwenye mzabibu wa boma lake.

Afadhali nianze mwanzo, labda nitaona pale nilipopotea.

Mzabibu huu ni wa Baba, baba yangu mzazi kule Nyamira. Alikuwa mtunza bustani wa misheni ya Kikatoliki tangu sijazaliwa. Padri alileta vijiti kutoka Ulaya akitaka divai ya misa itoke hapa hapa, asiagize tena. Baba akavipanda, akavimwagilia, akavisemesha kama ng'ombe. Vikatoa majani tu. Padri akazeeka akarudi kwao bila kuonja hata tone. Nilipoolewa huku Nyacheki mwaka wa sitini na saba, Baba alinipa kijiti kimoja kilichofungwa kwa gunia bichi, pamoja na kijitabu cha Padri, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma Kiingereza.

Kijitabu hicho kinaeleza zabibu moja tu, Kaberne Sovinyoni. Jina refu kama la mtu aliyebatizwa mara mbili. Nilicheka nilipolisoma, kisha nikaacha kucheka, maana mimi mwenyewe nimebatizwa mara mbili: nilinyunyiziwa maji nikiwa mchanga Nyamira, na nilipokuja kuolewa kwa Wasabato nikazamishwa mzima mtoni.

Kinasema ni zabibu inayopendwa kuliko karibu zote za divai nyekundu. Punje zake ni ndogo, nyeusi kwa buluu, ngozi nene, mbegu kubwa. Huchelewa kuchipua na huchelewa kuiva. Divai yake changa hukaza mdomo kama ndizi mbichi, lakini ikikaa miaka kwenye pipa la mbao inalainika. Ina harufu ya pilipili hoho na ya tunda fulani jeusi la Ulaya ambalo sijawahi kuliona. Nimejaribu kuwaza zambarau, sijui kama nimekaribia.

Hayo niliyaelewa. Mashauri ya kupanda ndiyo yaliyonipiga chenga. Kinataka udongo wa changarawe, maskini, mkavu. Huku kwetu ukidondosha fimbo ya kutembelea, wiki ijayo ina majani. Kinataka mtu apogoe mti wakati wa baridi, majani yakishapukutika yenyewe. Nilingoja yapukutike. Mwaka wa kwanza nikangoja, wa pili nikangoja. Mzabibu ukapanda ukutani, ukavuka paa la jiko, ukaanza kuutazama mgomba wa jirani. Haukuangusha jani wala kutoa ua. Nilikuwa nasoma ukurasa ule ule kila Januari nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu.

Kisha mwaka jana mwezi wa tisa mwanangu Moraa akaugua, nikalazwa naye hospitali siku kumi na mbili. Nikaacha nyumba kwa Mama mkwe.

Mama mkwe ni mchuna chai. Simsifii kwa kuwa ni mama wa mume wangu. Hapa kilimani hakuna anayemfikia. Mikono yake haiwezi kuona chipukizi ikaliacha. Majani mawili na ncha, majani mawili na ncha, hata akiwa anaongea na mgeni vidole vinachezacheza. Basi aliutazama mzabibu wangu akaona ni kichaka cha chai kilichokosa mwenyewe. Akachukua kisu cha kupogolea, akaukata kama chai inavyokatwa, matawi yakabaki vigutu. Majani yaliyosalia akayachuna yote. Niliporudi nikakuta kamba kavu ukutani. Nililia hadharani, daftari, kama mtu aliyefiwa.

"Unalilia nini?" akaniuliza. "Chai isiyokatwa ni msitu."

Baada ya wiki tatu ukachipua kila mahali, na kwenye kila chipukizi kulikuwa na kishada kidogo cha maua ya kijani. Yale majira ya baridi niliyoyangoja miaka mitano yalikuwa yanaishi nyumba ya pili, yamejifunga leso kiunoni.

Furaha haikukaa. Zabibu zilipoanza kuwa nyeusi, mmoja wa wazee wa kanisa alipita akaziona. Akaenda kusema kwamba kwa mzee mwenzao umepandwa mti wa pombe, na wa Wakatoliki juu yake. Ikasemwa ung'olewe. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa Mzee hawezi kuniambia mwenyewe. Chinsoni, ile heshima ya mkwe na mkwe, ni chinsoni. Baba mkwe hakanyagi mlango wangu, nami simkazii macho. Nikimwona njiani natoka njiani. Miaka sita nimekaa boma moja naye na sidhani tumesemezana maneno ya kujaza kibaba.

Lakini mtu huyo ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya salamu alisimama mbele ya wazee wenzake akanitetea. Alisema mti hauna dhambi, matunda yake yatakuja Mezani, na mke wa mwanawe ni mtu safi.

Mtu safi. Loo.

Maana wakati huo huo nilikuwa nimekwisha kumwahidi Baba. Krismasi nilikwenda Nyamira. Macho yake sasa yanaona ukungu tu, ananijua kwa sauti. Nilipomwambia kwamba mzabibu umezaa alipapasa mpaka akanishika mkono. Kisha akasema, "Niletee nionje, mwanangu. Hata kijiko. Divai, si maji." Nikasema ndiyo. Kwa Mzee nako, kupitia Mama mkwe, nikasema ndiyo. Mshika mawili moja humponyoka. Huo msemo niliuandika mwenyewe ubaoni nikiwa darasa la sita, mwandiko mzuri kabisa.

Nakiri hapa, kwa kuwa wewe husemi. Nilipanga kuzichemsha zote, kwa sababu vishada vyenyewe vimejaza sufuria moja tu na kanisa lina watu. Kisha nimpelekee Baba kijiko cha maji yaliyochemshwa, nimwambie ndiyo divai. Nilijua haoni. Sikuwaza kwamba ulimi wake bado unaona.

Alhamisi jioni nikavuna, nikaponda. Nikashangaa: maji yake si mekundu, ni rangi ya chai iliyomiminiwa maziwa mengi. Nikarudi kwenye kijitabu. Kinasema wekundu wote uko kwenye ngozi. Yaache maji na ngozi zake mahali penye joto kidogo, rangi itatoka. Nikaiweka sufuria kando ya mafiga. Nitachuja na kuchemsha kesho, nikasema, Ijumaa ndiyo siku ya maandalio.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupeleka majani ya chai. Tulifika kituoni saa nane na vikapu vyetu. Lori la kiwanda lilikwama matopeni huko nyuma. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Nani ataacha majani yake yanyauke kituoni aende kuchemsha zabibu? Lilipofika, jua lilikuwa limeshuka. Nilirudi mbio kikapu kikinigonga mgongoni, na nilipofika kwenye mgomba wa kwanza wa boma letu nikasikia nyumbani kwa Mzee wakiimba wimbo wa kufungua Sabato.

Nikasimama hapo hapo. Moto wangu ulikuwa chini ya majivu, kuni zilikuwepo, kiberiti kilikuwepo.

Sikuuwasha.

Na asubuhi hii, kabla ya kanisa, nikainua kitambaa nikaona povu la waridi na ngozi zote zimepanda juu. Kijitabu kinasema usitie kitu chochote. Ule unga mweupe ulio juu ya ngozi ndio unaofanya kazi. Ukikaa tu bila kufanya lolote, divai inakuja. Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Siku moja kwa wiki nimeamriwa nisifanye kazi, na hiyo siku moja ndiyo zabibu zilizochagua kufanya ya kwao. Ningekuwa mvunja Sabato, kikombe kingekuwa safi. Nimeishika Sabato, kikombe kimeharibika. Ni nani wa kuniambia nilikosea wapi?

Mama mkwe ameingia sasa hivi. Ameinama, amesikiliza, ameniangalia.

"Jua likizama tuchemshe," amesema. "Povu litakwisha. Nani atajua?"

Nimerudi kwenye daftari kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ngeni.

*

Jua limezama kitambo kidogo. Naandika harakaharaka, nisamehe mwandiko.

Nilikuwa nimekwisha kushika kiberiti. Mama mkwe alikuwa anapanga kuni. Mara tukasikia kikohozi cha Mzee nje, kule kwenye migomba, kile cha kunipa nafasi nijitenge. Akasema kwa sauti ya kuzungumza na hewa, "Wenye nyumba, ile kazi ya Bwana imefika wapi?"

Mama mkwe akanitazama. Ilikuwa zamu yake kujibu. Ndivyo tunavyofanya siku zote, yeye ndiye mdomo wangu. Nikaona anafungua kinywa, na nikajua atasema nini. Nami sijui nini kilinisukuma. Nikasimama nyuma ya mlango, nikasema mwenyewe.

"Tata, imeharibika. Lori lilichelewa, nikafika Sabato imeingia. Nikaiacha. Sasa inatoa povu."

Mama mkwe akaniziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya mgomba. Niliwaza juu ya wazee wenzake, atawaambia nini. Niliwaza panga na shina la mzabibu.

"Moto ulikuwepo?" akauliza.

"Ulikuwepo, tata."

"Kuni?"

"Zilikuwepo."

Akakohoa tena.

"Basi mpelekee baba yako aliyeupanda. Jumatatu nitatafuta zabibu kavu mjini. Na huo mti mtu asiuguse."

Nikasikia viatu vyake vya mpira vikiondoka kwenye matope. Mlango ulikuwa katikati, kwa hiyo sikuuona uso wake. Sijui kama alikuwa amekasirika, au ameaibika, au kama ilikuwa ni ile sauti ya mtu anayetaka kusema jambo jema na hajui njia ya kulipitishia. Nimelirudia kila neno hapa nikitafuta, na bado sijui. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nalia, na kilio hicho hakikuwa cha huzuni.

Kesho alfajiri nitapanda basi la Ogembo, niende Nyamira na chupa mbili. Nitazifunika kwa kitambaa tu, nisizibe. Kijitabu kinaonya zitapasuka. Nitamwambia Baba kwamba ni changa, itamkaza mdomo. Nitakaa karibu niuone uso wake akionja.

Ningeishia hapo, daftari, na ningelala vizuri. Lakini wakati nachuja, Mama mkwe alisema naye aonje kabla haijaondoka, maana ni yeye aliyeukata mti. Nikashtuka. Huyu ndiye aliyekuwa shemasi wa kikombe kabla yangu, miaka kumi na minne, mpaka mgongo ulipomshinda. Hajagusa pombe tangu abatizwe. Yeye alikuwa akiloweka zabibu kavu kando ya mafiga tangu Jumatano, bila kuzichemsha, na kila mara akiniona nachemsha zangu husema napoteza kuni.

Akachovya kidole, akakinyonya. Akafunga macho, akafikiri. Akachovya tena.

"Yaya, hapana," akasema, ananishangaa mimi na machozi yangu. "Ndiyo hii ulikuwa unaililia? Hii si ni ile ile yangu?"

Akajifuta kidole kwenye leso, akaenda kulala. Na mimi nimebaki hapa na kalamu, nikihesabu vikombe ambavyo kanisa zima lilivinywa kutoka mkononi mwake kwa miaka kumi na minne. Nimwambie Mzee, au ninyamaze?