Mzee Aliyelala Chali

Lakhisarai, 3 Juni 1987

Mwanangu Vaidehi,

Baraka zangu zikufikie huko mlimani. Natumaini u mzima, ingawa mtu anayeishi kwa kulaza watu wazima sakafuni hawezi kuwa mzima sana. Mimi sijambo. Daktari amekataa kunipasua mtoto wa jicho, eti presha yangu ya mia na themanini na tano itanimaliza mezani. Upuuzi mtupu.

Tiwari wa nyumba ya pili, ambaye husomea watu barua hata asipoombwa, alinisomea yako. Eti nilale chali, nipumue, nilegeze kidole kimoja kimoja? Nimekuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini na mmoja. Ningelegeza vidole, treni mbili zingebusiana. Na kwa ajili ya yoga hii ya kulala uliacha kazi ya benki! Mwaka wa nne huu majirani wakiuliza habari zako nawaambia bado uko benki.

Acha pia kuandika herufi kubwa kama ubao wa stesheni. Unaharibu karatasi. Na usije.

Babako

Rishikesh, 19 Juni 1987

Baba,

Shikamoo. Nagusa miguu yako kwa mbali, maana kwa karibu umenikataza. Mimi mzima, nakula na nalala, jambo ambalo wewe hujalifanya tangu Mama afariki.

Mistari ya barua yako inapandana. Jicho la kushoto limekwisha, sivyo? Ngoja na la kulia liishe, Mzee Tiwari akushike mkono mpaka chooni huku anakusomea matangazo ya ukutani.

Sikutumii uchawi. Mwili wako unaishi kama treni inakuja na taa ya ishara imeharibika: moyo mbio, mishipa imekaza, usingizi hauji. Ukilala chali, ukapumua taratibu, ukakiwaza kiungo kimoja baada ya kingine, mwili unaelewa kwamba zamu imeisha. Presha inashuka, na mawazo yanaacha kugombana kichwani. Nusu saa kila siku, wiki sita, na dawa za daktari usiache hata kidonge. Kuna mlevi hapa ameweza. Wewe sijui, maana inabidi kutii, na hilo hukulisomea.

Binti yako, Vaidehi

Lakhisarai, 2 Julai 1987

Vaidehi,

Hujambo? Mimi mzima. Sijalala chali na sitalala. Ila Tiwari, ambaye hana akili, anauliza: mikono inakaa wapi? Na pua ikiwasha?

Babako

Rishikesh, 14 Julai 1987

Baba,

Shikamoo. Mwambie Mzee Tiwari mikono ikae kando, viganja juu. Pua ikiwasha aikune, hajafa. Mwambie pia kwamba binti yake anamwombea, kama anakumbuka kuwa anaye.

Vaidehi

Lakhisarai, 26 Agosti 1987

Vaidehi,

Salamu baadaye. Umenifedhehesha.

Jumanne ya wiki jana nililala sakafuni, kichwa kaskazini kwa sababu ndiko feni iliko. Mke wa Tiwari akaingia na bakuli la dengu. Akaniona chali, sakafuni, kichwa kaskazini, kama tunavyomlaza marehemu. Akapiga ukunga, mtaa mzima ukasikia. Mimi sikusikia! Mimi ambaye mjusi akipita ukutani naamka.

Wakajaa watu kumi na mmoja. Tiwari akanitia mdomoni jani la mrehani na maji ya mto Ganga, kama anavyofanyiwa anayekata roho. Mwingine akatumwa mianzi ya kunibebea. Daktari akaitwa aandike cheti cha kifo, na kwa mazoea tu akanipima presha. Mia na thelathini na sita. Nikafumbua macho, nikamwuliza, "Unapima nini wewe?" Mke wa Tiwari akazimia kwelikweli.

"Mzee," daktari akasema, "ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi ya binti yangu."

Ilinitoka tu. Sasa mtaa wote unajua kwamba hufanyi kazi benki.

Amenipima kila siku wiki nzima, haijapanda. Jicho litapasuliwa tarehe kumi. Bila shaka ni dawa zake.

Babako

Lakhisarai, 21 Septemba 1987

Mwanangu,

U mzima? Mimi sijambo, nawe usijione.

Bandeji ilitolewa Jumamosi. Nimeona jinsi mke wa Tiwari alivyozeeka. Nimeona utando wa buibui kwenye picha ya mama yako, nikaupangusa. Kisha nikatoa barua zako zote nikazisoma mwenyewe. Za mwaka wa kwanza zina herufi ndogo, nzuri. Zinakua kadiri jicho langu lilivyokuwa linafifia. Ulijua, mwanangu, hata kabla sijamwambia mtu, nami nikakuita mharibifu wa karatasi. Nimeona aibu.

Tiwari sasa anataka kufundishwa kulala, pamoja na wenzake tisa waliokuja kunibeba kama maiti. Nimewafundisha siku tatu. Nawafokea walegee, hawalegei. Wajinga hawa wanahitaji mwenye kazi yake.

Treni ya kwenu inaingia Jumapili saa nne asubuhi. Nitasimama jukwaani. Usihangaike kunitafuta, nitakuona mimi kwanza.

Babako