Kasuku na Kitenge cha Shemeji

Uvira, Alhamisi, 1964

Hata sasa bado nina wivu, na wivu wenyewe ni wa ndege.

Vita vimefika Makobola, kusini tu mwa hapa, kwa hiyo kesho tunavuka ziwa kwenda Kigoma. Mwenye boti ameniambia wazi: "Mwalimu, ile ndege ikilia karibu ya maaskari, miye naitupa mu maji."

Ndiyo maana leo nilimzoesha kasuku wangu safari. Nilikifunga kizimba kisiyumbe, nikaweka vipande vya papai badala ya maji, maana maji humwagika. Nikakifunika kwa shuka safi, nikiacha upande mmoja wa hewa, kwa sababu giza humtuliza ndege. Kila hatua nilimweleza shemeji, mke wa mdogo wangu. Kasuku akapiga kelele mpaka akaanza kujinyonyoa manyoya.

Shemeji akaondoa shuka langu, akatandika kitenge chake cha jikoni, kinachonuka moshi na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kimya. Kisha kasuku akasema, kwa sauti ya shemeji kabisa: "Karibu chakula!"

Jina langu ndege huyu hajawahi kulitamka.

"Shemeji, weye iko na wivu ya ndege?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mimi ndiye niliyemlisha tangu hana manyoya. Mimi ndiye...

Jioni, shemeji alipokwenda kuchota maji, nilimfunika kasuku kwa shati langu nililoshinda nalo. Akalia. Nikamrudishia kitenge.

Kesho shemeji ndiye atakayempakata kasuku. Mimi nitabeba papai.